Tangu Njia ya Chumvi hata Kidonge cha Presha

Wazee wa milima yetu waliijua njia ya Katwe. Zamani zile, kabla Wazungu hawajafika, chumvi ya Wayira haikutoka dukani. Ilitoka katika ziwa la chumvi la Katwe, karibu na ziwa Edward, katika nchi iitwayo leo Uganda. Watu wa milimani walishuka kwa makundi, wakichukua vyakula vya kubadilisha. Wengine walivuka uwanda wa Semliki wenye joto na wanyama wakali, wengine walipanda mitumbwi ziwani. Walipokwisha kubadilisha, walijitwika chumvi mgongoni, ukamba kipajini, wakaanza safari ya kurudi. Ziwa Edward liko mita 900 hivi juu ya bahari. Vijiji vya milimani viko mita 1700, na vingine 2000 na zaidi. Basi kila mzigo wa chumvi ulipandishwa karibu mita 1000 kwa nguvu za miguu na moyo. Stanley alipopita Katwe mwaka 1889 aliikuta biashara hiyo ikiendelea, nayo ilikuwa ya siku nyingi.

Chumvi iliyopatikana kwa jasho namna hiyo haikuchezewa. Mama aliitia chunguni kwa ncha za vidole, na iliyobaki aliificha.

Ndugu wasomaji, makala hii ni ya ugonjwa na dawa, lakini twaanza na njia ya chumvi kwa makusudi. Siku hizi kuna ugonjwa unaotuua polepole katika Beni na Butembo, ambao wengi kwetu huuita tansio kwa kufuata Kifaransa, na majirani zetu huuita presha. Kila parokia ina mtu aliyeanguka ghafula, mkono na mguu wa upande mmoja ukafa, na midomo ikapinda. Watu wakauliza: ni nani amemtupia? Twataka kuonyesha kwamba ugonjwa huo una historia yake, na kwamba dawa zake pia zina historia. Anayezijua zote mbili hatadanganywa kwa upesi.

MIAKA AMBAYO UGONJWA HAUKUONEKANA

Mwaka 1929 daktari Mwingereza jina lake Donnison aliandika katika gazeti la madaktari la London, liitwalo The Lancet, habari ambayo watu walishangaa kuisoma. Alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kenya upande wa ziwa Viktoria. Alikuwa amepima presha ya Waafrika 1000. Aliona kwamba vijana wao walikuwa na presha sawa na vijana wa Ulaya. Lakini baada ya miaka 40 mambo yaligeuka. Huko Ulaya presha ilizidi kupanda kadiri mtu alivyozeeka. Kwa wanakijiji wale haikupanda, bali kwa wazee ilielekea kushuka. Tena katika miaka miwili, kati ya wagonjwa 1800 hivi waliolazwa hospitalini mwake, hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha.

Jambo hilo lilidumu miaka mingi. Hata mwaka 1956, daktari Trowell na mwenzake Singh waliandika katika gazeti la madaktari wa Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja aliyeshikwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, naye alistahili makala nzima, kwa vile jambo lenyewe lilivyokuwa geni!

Hatusemi kwamba wazee wetu waliishi kama peponi. Malaria, kuhara, ndui na malale viliwamaliza watoto na watu wazima. Nayo mizigo haikubebwa daima kwa hiari. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, na hasa katika vita vya mwaka 1914 hata 1918, wapagazi wengi sana walikokotwa barabarani, na wengi hawakurudi. Kutembea kwa kupigwa si mazoezi ya afya. Lakini katika jambo hili moja, yaani presha, miili yao ilikuwa na amani ambayo yetu imeipoteza.

Kwa nini? Katika siku zile Wazungu wengine walijibu upesi: ni tofauti ya kabila na rangi, Mwafrika ana mwili wa namna nyingine. Jibu hilo lilikuwa rahisi, nalo lilikuwa la uongo.

MTU YULE YULE, MAISHA MENGINE

Jibu la kweli lilitafutwa na madaktari waliowafuata watu njiani. Katika miaka ya 1960 daktari Shaper na wenzake waliwachunguza vijana wa Kisamburu wa Kenya walioacha mifugo yao wakaandikwa jeshini. Vijana wale wale, damu ile ile, lakini chakula kingine na maisha mengine. Na presha yao ikapanda.

Baadaye, katika miaka ya 1980, daktari Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini karibu na ziwa Viktoria kwenda kutafuta kazi Nairobi. Waliwapima, wakawalinganisha na ndugu waliobaki nyumbani, na mwaka 1990 wakatangaza waliyoyaona. Presha ya wahamiaji ilianza kupanda mapema, si baada ya miaka 20, bali katika miezi ya kwanza ya kukaa mjini. Uzito wao ulizidi. Mikojo yao ilionyesha chumvi nyingi zaidi, na upungufu wa ile potasi ipatikanayo katika ndizi, maharage na mboga. Na mapigo ya moyo yao yalikuwa ya haraka zaidi hata walipokuwa wamekaa.

Tushike mambo hayo mawili, chumvi na mapigo ya moyo, maana ndiyo milango miwili ambayo dawa zetu zinaingilia. Na tushike jambo la tatu: ugonjwa huu haufuati rangi. Wafuata maisha, na umri, na pia ukoo, kwa kuwa nyumba nyingine hurithi urahisi wa kuupata.

KITASA NA UFUNGUO

Ili kufahamu dawa, yatupasa kwanza kufahamu kitasa. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila chembe ina ukuta wake, na katika ukuta huo mna vitasa, ambavyo wataalamu huviita vipokezi. Kitasa hakifunguliwi na kila kitu. Chahitaji ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, chembe hupokea amri: kaza, legeza, harakisha, punguza.

Watu wa Beni na Butembo wana sababu ya kuyajua mambo haya kuliko wengine. Katika Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2287 walikufa katika nchi yetu. Kirusi cha Ebola nacho huingia katika chembe kwa kutumia ufunguo wake na kitasa cha mwili wetu. Mwezi wa Novemba 2018 majaribio ya dawa yalianzishwa Beni, kisha yakafanyika Butembo, Katwa na Mangina pia, chini ya uongozi wa Profesa Muyembe na wenzake. Dawa moja kati ya zile mbili zilizoshinda, iitwayo mAb114, ilitokana na kinga ya damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kazi yake ni kuufunika ufunguo wa kirusi, usiweze kuingia katika kitasa. Mwezi wa Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu ilionekana wazi kwamba dawa hizo mbili zinaokoa watu zaidi kuliko nyingine.

Dawa za presha tutakazozisema hutumia njia nyingine. Haziufuniki ufunguo. Zenyewe huingia katika kitasa na kukaa humo kimya, bila kukifungua, hata ufunguo wa kweli ukija hukuta nafasi imeshikwa.

Wazo hili la vitasa halikupokewa kwa urahisi. Mwaka 1905 mwalimu Langley wa Cambridge, Uingereza, akichunguza jinsi nikotini ya tumbako na sumu ya mishale ya Wahindi wa Amerika zinavyofanya kazi katika misuli, alisema kwamba lazima msuli uwe na kitu chenye kuzipokea. Ehrlich wa Ujerumani aliwaza karibu hivyo hivyo. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyekiona kitu hicho, na wengi walikitilia shaka.

Mwaka 1948 Mmarekani Ahlquist aliuliza swali juu ya adrenalini. Adrenalini ni ufunguo ambao mwili huutoa wakati wa hofu, hasira au kazi nzito. Ukikutana na chui njiani, ni adrenalini na mishipa ya fahamu inayokwenda pamoja nayo vinavyoufanya moyo uende mbio. Ahlquist aliona kwamba dutu ile ile hubana mishipa mahali pengine na kuilegeza mahali pengine. Akakata shauri: vitasa vyake ni vya namna mbili. Akaviita alfa na beta, kwa herufi za Kigiriki. Vile vya moyo ni beta. Wakubwa wengi wa elimu hawakumjali.

Mmoja alimjali. James Black, mtoto wa Skoti aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa akifikiri habari za wagonjwa wanaobanwa kifua kwa sababu damu haitoshi katika moyo. Madaktari wengine walitafuta namna ya kuupelekea moyo damu zaidi. Black aligeuza swali: je, tukiupunguzia moyo kazi, damu ndogo iliyopo haitatosha? Alitafuta dawa ya kukaa katika kitasa cha beta. Ya kwanza, pronetaloli, ilionekana mwaka 1962, lakini iliwatia panya uvimbe mbaya, ikaachwa. Ya pili, propranololi, ilifuata mwaka 1964. Haikupita muda, madaktari wa London wakaona kwamba kwa wagonjwa wengine propranololi hushusha presha pia. Mwaka 1988 Black alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wataalamu wengine wawili.

FIGO HUKUMBUKA NJIA YA CHUMVI

Sasa turudi kwa wachukuzi wa Katwe. Mtu anayepanda mlima kwa jasho hutoa maji na chumvi. Ikiwa chumvi ni haba nyumbani, mwili usipoilinda, presha itashuka hata mtu aanguke. Kwa hiyo Mungu ameziweka figo kuwa walinzi wa ghala. Figo zikiona upungufu, hutoa dutu iitwayo renini, iliyogunduliwa Stockholm mwaka 1898. Renini huanzisha kazi, na mwisho wake hutokea ufunguo uitwao anjiotensini. Ufunguo huo ukiingia katika kitasa chake, mishipa hubana na mwili huishika chumvi usiiachie.

Ni mpango mzuri kwa mtu ambaye chumvi yake iko mwendo wa siku nyingi. Lakini walinzi hao wa zamani hawajaambiwa kwamba leo chumvi iko katika kila duka la kichochoro, na katika makayabo, na katika vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Figo za wengi wetu ni hodari kwa kushika, lakini nzito kwa kutoa. Chumvi hubaki, maji huifuata, na damu huongezeka katika mishipa ile ile. Ni kama kumwaga maji ya mto mzima katika mfereji wa bustani.

Mwaka 1995 dawa ya kukaa katika kitasa cha anjiotensini, iitwayo losartani, ilianza kutumika. Ni dawa njema, nayo hulinda figo za wagonjwa wengi wa sukari. Lakini mama mwenye mimba asiinywe kamwe, kwa maana yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tena kwa Waafrika wengi dawa ya namna hiyo ikitumiwa peke yake haina nguvu sana, na sababu twaweza kuikisia: mwenye chumvi nyingi mwilini hana renini nyingi, basi ufunguo wenyewe ni haba, na kukizuia kitasa chake hakuleti faida kubwa.

Mwaka 2019 yalitangazwa majaribio yaliyofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wagonjwa 728 walipewa dawa mbili mbili. Iliyoonekana kuwa msingi bora ni amlodipini, izuiayo kalisi kupenya katika misuli ya mishipa na hivyo kuilegeza, ikifuatana na dawa ya kukojoza chumvi au na dawa nyingine ya kuupinga mpango wa renini. Ndiyo maana mtu asishangae akiona jirani yake amepewa kidonge kimoja na yeye viwili vya namna nyingine. Kidonge cha jirani si chako.

KAZI YA MIGUU

Je, kama dawa zipo, miguu ina kazi gani tena? Mwaka 1953 daktari Morris wa London aliwalinganisha watu wa mabasi ya mji ule, yale mabasi ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kutwa nzima. Mkata tiketi alipanda na kushuka ngazi mamia ya mara. Wote walifanya kazi kwa kampuni moja. Lakini madereva walishikwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wakata tiketi, na walipopatwa, mara nyingi walikufa upesi.

Daktari Mann kutoka Marekani alikwenda kwa Wamasai wa Tanzania katika miaka ya 1960. Alishangaa kuona watu wanaokula maziwa na nyama kwa wingi, na kumbe ugonjwa wa moyo ni nadra kwao. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimasai. Mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann aliona kwamba sababu ni mwendo wao mrefu wa kila siku.

Hivi leo twajua zaidi yanayotendeka ndani. Wakati wa kupumzika moyo husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Mtu akipanda kilima na mzigo, moyo waweza kusukuma lita 15, hata 20. Adrenalini na mishipa ya fahamu hufungua vitasa vya beta, mapigo hupanda, nayo presha hupanda kwa muda. Lakini akipumzika, mishipa ya misuli hubaki imelegea saa kadhaa, na presha hushuka kuliko ilivyokuwa mwanzo. Akifanya hivyo siku kwa siku, mwili hujifunza. Fahamu zinazouhimiza moyo hupunguza kelele zao. Mtu ambaye moyo wake ulipiga 80 kwa dakika akifika 70 tu, moyo umepata nafuu ya mapigo 14,400 kwa siku. Hapo miguu imefanya kwa upole kazi iliyo jamaa ya kazi ya propranololi.

Tena utando wa ndani wa mshipa, damu ikipita juu yake kwa nguvu, hutoa hewa kidogo iitwayo oksidi ya nitrojeni, inayoulegeza mshipa. Waliogundua kazi ya hewa hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Na msuli unaofanya kazi hufungua mlango wake wa sukari bila kungojea insulini, ndiyo sababu mwendo huwafaa wagonjwa wa sukari pia. Kwa mwenye presha, mazoezi ya kudumu huishusha kama vipimo 5 hata 8. Si kitu kidogo. Lakini si kila kitu.

MAKOSA MAWILI

Kosa la kwanza ni la yule asemaye: “Mimi ni mtu wa mlima, nimelima na kubeba tangu utoto, vidonge ni vya wakubwa wa mjini.” Presha yake ikiwa 180, mwendo utaishusha ifike 172, na kiharusi bado kipo mlangoni. Au anakunywa vidonge mwezi mmoja, anajiona mzima, anaviacha. Ndugu, presha haina maumivu. Kujiona mzima si ushahidi. Dawa inakaa katika kitasa kwa saa chache, au siku moja. Ikitoka, ufunguo unarudi. Kwa dawa za kundi la propranololi hatari ni kubwa zaidi: mwili uliozuiliwa siku nyingi huzidisha vitasa, na mtu akiacha kwa ghafula, adrenalini hukuta milango mingi kuliko zamani, na moyo waweza kuharibika. Dawa hiyo hupunguzwa polepole, kwa shauri la daktari.

Kosa la pili ni la yule asemaye: “Nina kidonge changu, basi.” Anakunywa asubuhi, anapanda piki-piki hata kwa mwendo wa dakika kumi, anakaa dukani kutwa, na jioni anatia chumvi katika chakula kabla ya kukionja. Anaiomba dawa ipigane na yeye mwenyewe.

Na asiyepima hajui yuko upande gani. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu watu wazima milioni 1280 wenye ugonjwa huu duniani, na karibu nusu yao hawakujua kuwa wanao.

Twajua pia mambo yaliyo mazito kuliko mashauri. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewafukuza watu wengi mashambani. Mkulima aliyekuwa akitembea saa mbili kwenda shambani leo amekaa katika chumba cha kupanga mjini, hali ndizi na maharage yake, hununua kile kinachopatikana, na usiku husikiliza kila kelele. Chumvi imezidi, miguu imesimama, na adrenalini haipumziki. Alivyopata yule Mjaluo wa Nairobi kwa kutafuta kazi, huyu amevipata kwa kukimbia kifo. Mtu wa namna hiyo akianguka, usiseme ni uzembe wake, wala usimtafutie mchawi. Msaidie apimwe.

TUFANYE NINI

Mwenye miaka 40, au mwenye baba au mama aliyekufa kwa kiharusi, aende kituo cha afya apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Ikionekana 140 juu au 90 chini, arudi apimwe siku nyingine. Ikibaki hivyo, aanze matunzo. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupokea dawa yo yote, kwa kuwa vitasa vya beta vimo katika mapafu pia, na propranololi yaweza kumziba pumzi. Anayepewa dawa ya namna hiyo na kujiona mzito kupanda kilima asiogope: moyo umezuiliwa usikimbie. Apande polepole, naye amweleze daktari.

Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichwa katika makayabo. Haya yaloweshwe, na maji yamwagwe. Mwendo wa haraka wa dakika 30, siku 5 kwa juma, watosha kutimiza zile dakika 150 zinazoshauriwa. Kwenda Misa kwa miguu na kurudi ni sehemu yake, hasa kwetu Butembo pasipo na njia tambarare. Na bei ya vidonge? Kwa nyumba nyingi ni mzigo, maana si vya juma moja, ni vya maisha. Hapo jamaa na jumuiya wana kazi. Tunachanga franga kwa matanga. Tungeweza pia kuchanga mapema, ili matanga yenyewe yacheleweshwe.

Wachukuzi wa Katwe hawakujua neno presha. Hawakuhitaji kulijua. Chumvi yao ilikuja na miguu yao, moja haikutangulia nyingine. Sisi chumvi imetufikia mlangoni bila safari, na haitarudi Katwe. Basi safari yenyewe imebaki juu yetu, na kidonge kwa yule aliyeandikiwa. Kesho asubuhi, ambaye hajapimwa aanze na safari hiyo fupi: kutoka nyumbani kwake hata kituo cha afya, kwa miguu.